Usukani wa Daktari wa Ng'ombe

Nimefunga usukani wa baiskeli kwa zaidi ya miaka thelathini, na mpaka leo sijui vizuri usukani unafanya nini. Nawaambia mapema, ninyi vijana mnaokuja kunitembelea na spana mpya mfukoni mkidhani mzee Kariuki ana siri alizofungia kwenye kopo. Siri sina. Nina makosa tu, na kosa langu kubwa lilikuwa la usukani.

Kwa baiskeli ya kawaida kazi si ngumu. Unasimama mbele, unabana gurudumu kwa magoti, unanyoosha usukani mpaka ulingane na tairi, unakaza nati ya shingo. Usikaze kama mtu aliyekasirika. Mwenye baiskeli akianguka, afadhali usukani ugeuke kuliko mkono wake uvunjike. Mtu wa kubeba magunia mwekee mishikio sawa na kiti. Mzee mwenye mgongo mbaya muinulie vidole vinne. Hayo yote nilifundishwa nikayaamini, na yalinitosha mpaka siku nilipokutana na baiskeli ya kulalia.

Miaka ya themanini kibanda changu kilikuwa Kitale, ukuta mmoja na karakana ya Makokha. Makokha alikuwa mchomeleaji, mtu wa Bungoma aliyehamia Kitale kufuata kazi ya mashamba. Alinizidi umri, na yeye ndiye aliyenifundisha kushika moto wa kuchomelea. Jembe la trekta lililokatika vipande viwili alilirudisha kuwa moja usione mshono. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: neno "sijui" halikuweza kutoka mdomoni mwake. Mimi nikisema sijui, yeye anasema, "Si ni rahisi, bana," halafu tunaharibu pamoja.

Asubuhi moja akatokea mzungu mzee kutoka upande wa Endebess, uso umebabuka kwa jua, anasukuma kitu ambacho watu walidhani ni kiti cha wagonjwa. Kilikuwa na magurudumu mawili, dogo mbele, kubwa nyuma. Kiti chake kilikuwa na mgongo wa kuegemea, karibu na ardhi, na pedali zilikuwa mbele kabisa, mahali ambapo mtu mwenye akili angeweka taa. Maana yake anayeiendesha amelala nusu, miguu imetangulia, kama mtu anayepumzika baada ya kula. Alikuwa ameanguka huko mlimani. Usukani ulikuwa umekatika, na kipande kilichokatika alikipoteza.

Alisema lugha ambayo haikuwa Kiingereza. Tukamwuliza usukani ulikaaje. Akaonyesha kwa mikono: kwanza akashika hewa mbele ya kifua, akatikisa kichwa. Kisha akateremsha mikono yote miwili kando ya nyonga, akakunja ngumi, akatabasamu.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema aliangukia nyonga," Makokha akajibu bila kufikiri. "Inamuuma. Si unaona ameishika?"

Basi tukamtengenezea usukani wa kufika kifuani, kwa bomba la maji, kwa kukisia. Mzungu aliutazama sana ule usukani, akautazama uso wa Makokha, akashukuru kama mtu anayeshukuru kwa chakula asichokipenda. Wakati Makokha anachomelea, mimi nilichukua kamba ya katani nikapima baiskeli yote: kutoka gurudumu hadi gurudumu, urefu wa kiti, umbali wa pedali. Nikachora kwa mkaa nyuma ya mlango wangu. Nilipima kila kitu isipokuwa usukani, kwa sababu usukani haukuwepo. Mzungu akaondoka kuelekea Moi's Bridge akiyumba kama mlevi. Sijui alifika wapi. Bado namwombea.

Miaka ikapita, mchoro ukabaki mlangoni. Mwanzoni mwa miaka ya tisini akaja mama mmoja kibandani. Alikuwa mrefu, wa makamo, amevaa buti za mpira na koti la kijani. Nikamkaribisha kwenye benchi. Akakataa.

"Mimi sikai, Fundi," akasema. "Nimetoka Bungoma nimesimama nyuma ya lori. Wewe ndiye Kariuki? Dada yake Makokha ameniambia uliwahi kuona baiskeli ya mtu kulala."

Jina lake lilikuwa Rispa Naliaka. Alikuwa daktari wa ng'ombe, au ndivyo watu walivyomwita. Kwa karatasi alikuwa msaidizi wa afya ya mifugo katika chama kimoja cha wafugaji huko Bungoma. Zamani wanaume walimcheka, ati mwanamke atashikaje ng'ombe dume. Wakaacha kucheka alipoanza kuokoa ng'ombe zao. Kwa miaka kumi alizunguka maboma kwa baiskeli nyeusi ya kawaida, sanduku la dawa nyuma. Kisha ng'ombe mmoja wa Friziani akampiga teke. Akaanguka kwa kitako juu ya jiwe, na mfupa ule wa mwisho wa uti wa mgongo ukavunjika. Ukaunga vibaya. Aliweza kutembea, aliweza kusimama, aliweza kuegemea. Kukalia kiti cha baiskeli hata dakika mbili hakuweza.

"Chama kimenipa mpaka mvua zianze," akasema. "Kama siwezi kuzunguka, wanachukua mtu mwingine. Kwa miguu nafika maboma matatu kwa siku. Kwa baiskeli nilikuwa nafika kumi na mbili. Fundi, hiyo kitu unaweza?"

Nilitaka kusema sijui. Lakini Makokha alikuwa ameshatokeza kichwa mlangoni. "Si ni rahisi, bana," akasema.

Tukaanza. Tulikata fremu mbili kuukuu tukaziunga kuwa moja ndefu, kwa vipimo vya mlangoni. Kiti tulikifanya kwa vyuma vyembamba, tukakisuka kwa kanda za ngozi ya ng'ombe kama kitanda cha zamani. Rispa alipokuja kukijaribu kikiwa bado chini, alifumba macho, na nikaona machozi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kukaa bila maumivu. Nikafurahi sana. Sasa nikitazama nyuma, naona furaha ile ndiyo iliyonipumbaza, maana sehemu iliyokuwa imebaki ilikuwa usukani, na mimi niliihesabu kuwa kitu kidogo.

Sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo akili yangu ilipoanza kuchanganyikiwa. Ukilala nyuma, mikono haifiki mbele. Kwa hiyo lazima usukani uje kwako. Tukautoa kwenye foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, tukaurudisha nyuma kwa bomba refu, mpaka kifuani pa mwendeshaji. Makokha alisema ni sawa na mtu anayeshika plau ya ng'ombe. Nikaipanda kwenye uwanja wa kanisa. Nikasukuma pedali, nikaenda mbele, vizuri. Nikataka kupinda kulia, nikageuza mikono kama nilivyozoea. Hakuna kitu. Nikaongeza. Ghafla ikapinda yote kwa mara moja na nikajikuta nimelala kwenye nyasi.

Ilinichukua siku mbili kuelewa hata kidogo. Bomba likiwa refu namna ile, mishikio haizunguki mahali pamoja. Inafagia. Ukitaka gurudumu liende kulia, mikono yako yote miwili inahamia kushoto, kama mtu anayesukuma mlango. Mwili mzima unadanganywa. Nikalikata bomba liwe fupi: mikono ikanyooka mpaka mgongo ukaacha kiti, na magoti yakawa yanagonga vyuma. Nikalirefusha tena. Nikapanua mishikio: ikawa nzito na polepole. Nikaibana: ikawa na wasiwasi, ukikohoa unapinda. Kila nilichotengeneza kiliharibu kingine. Mwishowe nilichagua bomba refu, kwa sababu ndilo lililonichosha kidogo kuliko mengine. Mtu asiwadanganye kwamba mafundi huchagua kilicho bora. Mara nyingi tunachagua kilichotuchosha kidogo.

Tukaipeleka Bungoma juu ya lori la mahindi. Rispa alivaa suruali ndani, leso juu, akajifunza kwenye uwanja wa shule. Watoto waliacha mpira wakasimama. "Kitanda kinatembea!" wakapiga kelele. Siku ya nne alizunguka uwanja mzima bila kuweka mguu chini. Njia iliyonyooka aliipenda. Kona pana alizipata. Nikamwuliza kona kali. Akasema, "Hizo nitashuka nisukume." Nikakubali. Hapo ndipo nilipokosa, vijana. Mteja akikuambia atashuka asukume, kazi hujamaliza.

Nilirudi Kitale nikajisifu kwa kila mtu. Wiki tatu baadaye baiskeli ikashushwa kutoka juu ya basi mbele ya kibanda changu, mshikio mmoja umekunjwa, kanda za kiti zimejaa tope. Palikuwa na karatasi imefungwa kwenye fremu: "Fundi, mimi mzima. Njoo Bungoma. R.N."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nikamkuta Rispa anatembea na fimbo, shavu limevimba. Akanieleza akiwa amesimama.

Siku chache kabla, asubuhi, alikuwa ameitwa kwa bibi mmoja mjane, Tamari, ambaye majirani wote walimwita Kukhu, jinsi Wabukusu wanavyomwita nyanya. Ng'ombe wake alikuwa amezaa usiku na sasa hawezi kuinuka. Rispa alijua mara moja: homa ya maziwa. Ng'ombe akianza kutoa maziwa mengi, kalsiamu inamwishia mwilini, anaanguka, shingo inapinda ubavuni. Ukimtia kalsiamu kwenye mshipa mapema, anasimama mbele ya macho yako kama muujiza. Ukichelewa, basi. Rispa alifunga chupa mbili za dawa nyuma ya kiti, akaenda kasi. Kuna mteremko pale kabla ya daraja dogo, na chini yake kona ya kulia. Hakushuka kusukuma, kwa sababu mnyama alikuwa anakufa. Alipopinda, mikono ikahamia kushoto, bomba langu refu likagonga paja la kushoto lililokuwa linapanda na pedali. Likakwama hapo. Usukani haukuweza kwenda zaidi. Akaenda moja kwa moja mtaroni. Chupa zote mbili zikavunjika.

"Nilirudi ofisini kwa miguu kuchukua nyingine," akasema. "Nilipofika kwa Kukhu, jua lilikuwa limepanda. Ng'ombe alikuwa ameshakufa."

Nikamwuliza kama naweza kwenda kwa huyo bibi.

"Enda," akasema. "Mimi ninaenda huko kila asubuhi. Ndama alibaki hai. Jirani anatoa maziwa, mimi namnyonyesha kwa chupa."

"Kwa miguu? Na mgongo huo?"

"Na kitanda chako kiko wapi, Fundi?"

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

Kukhu Tamari alikuwa mwembamba, amejifunga kitambaa kichwani, anapura maharage. Nikajitambulisha. Akanitazama kutoka viatu mpaka kofia.

"Kumbe ni wewe uritengeneza kire kitanda," akasema.

"Ni mimi, Kukhu. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Ng'ombe yangu irirara hapa. Daktari akarara mtaroni. Wote wamerara siku moja." Akatikisa kichwa, kama mtu anayejaribu kuona hesabu imekosewa wapi. "Keti basi. Mgeni hafukuzwi."

Akaniletea chai. Ilikuwa turungi, nyeusi, haina tone la maziwa. Aliona nimeiangalia.

"Kunywa. Ndiyo iko."

Nimekunywa chai nyingi maishani mwangu. Ile sijamaliza kuimeza mpaka leo.

Nilirudi Kitale moja kwa moja kwa Makokha. Nilimweleza yote: kona, paja, chupa, turungi. Kwa mara ya kwanza hakusema ni rahisi. Alikaa juu ya mtungi wake wa gesi, akashika magoti. Ile baiskeli ilikuwa bado pale kibandani. Nikaketi kwenye kiti cha ngozi, nikaegemea, nikaacha mikono ianguke ilipotaka yenyewe. Ikaanguka kando ya nyonga. Ngumi zikajikunja.

Makokha akasimama taratibu.

"Kariuki," akasema, "yule mzee hakuwa anaumwa nyonga."

Tulicheka? Hapana. Tulitazamana kama watu waliosikia kilio cha mtu miaka mingi baada ya mtu mwenyewe kwenda. Usukani wake ulikuwa chini ya kiti. Alituonyesha wazi, sisi tukamfunga bomba kifuani, tukamtuma Moi's Bridge nalo.

Basi tukaanza upya. Usukani wa chini ya kiti unazunguka kwenye egemeo lake mwenyewe, haugusi foki. Unahitaji fimbo ya chuma kutoka usukani hadi foki, ili mkono ukienda, gurudumu lifuate. Upande wa kulia kuna cheni, kwa hiyo mbele niliifunga fimbo kushoto mwa foki. Nyuma niliifunga kulia mwa usukani, kwa sababu palikuwa na nafasi nzuri. Ikapita kwa mshazari chini ya fremu, imenyooka, safi. Nikaipenda.

Makokha akasema ataijaribu yeye, kwa kuwa mimi nimeshaanguka vya kutosha. Akapanda mbele ya kinu cha posho, watu wote wanaangalia. Akaenda hatua tano. Ikaelekea kushoto kidogo, akageuza kulia kuirekebisha. Ikazidi kwenda kushoto. Akageuza kulia zaidi. Ikazidi zaidi.

"Kulia, Makokha! Pinda kulia!" nikapiga kelele.

"Si ndiyo ninapinda!" akajibu, na akaingia katikati ya rundo la magunia.

Wenye mahindi walipiga kelele, yeye amelala juu ya gunia anaitazama mikono yake kama si yake. Nusu saa nzima tulibishana. Yeye alisema gurudumu limelogwa. Mimi nilishika mkono huu, nikasukuma ule, nikainama, nikapinda shingo. Ndipo nikaona: fimbo ikitoka kulia kwenda kushoto, inageuza kila kitu. Mkono ukisema kulia, gurudumu linasikia kushoto. Fimbo lazima ianze na kuisha upande mmoja. Ni jambo dogo hivyo, na nilikuwa fundi wa miaka mingi.

Tukaihamisha. Sasa ikawa inasikia, lakini inasikia kupita kiasi. Kipande cha foki kinachoshika fimbo nilikikata kifupi, na cha usukani kirefu. Mkono ukisogea kidogo, gurudumu linaruka. Nikakirefusha cha foki mpaka vikalingana. Ikatulia. Kisha nikagundua matundu ya bolti yamelegea, na katikati pana nafasi ya kufa: unageuza, hakuna kitu, unageuza, hakuna kitu, halafu yote. Nikatia vijiviringo vya shaba nilivyokata kwenye bomba la zamani. Nikakaza. Nikakaza mno, ikawa ngumu, gurudumu haliwezi kujinyoosha lenyewe. Nikalegeza robo. Robo hiyo ya nati, vijana, hakuna mtu wa kukuonyesha. Inua gurudumu la mbele, ulisukume kwa kidole. Kama linarudi katikati polepole bila kusita, hapo hapo. Liache.

Mimi niliipanda, nikapinda kona zote za mjini. Makokha aliipanda, akaacha hata kuisifu, kwa jinsi alivyoshangaa. Tukaipeleka Bungoma sote wawili.

Rispa akaipanda. Akaanguka.

Akapanda tena, ikayumba kulia, kushoto, kulia, akaweka mguu chini. Siku nzima. Siku ya pili pia. Tulichunguza fimbo, nati, tairi, kiti. Hakuna kasoro. Mimi nikiipanda, inakwenda. Yeye akiipanda, inakataa. Mvua zilikuwa karibu, tuliona mawingu yamekaa juu ya Mlima Elgon kila alasiri. Makokha alianza kunong'ona ati labda mama ameingiwa na woga tu. Nikamwambia anyamaze.

Siku ya tatu nikaamua labda mishikio iko karibu mno na mwili wake, maana ana mabega mapana kuliko yangu. Nikaipanua, vidole vinne kila upande. Nilipokuwa nakaza bolti ya mwisho, Rispa alikuwa amesimama, anaangalia viganja vyake. Vilikuwa na malengelenge.

"Fundi," akasema, "unajua ng'ombe mkali anaongozwaje?"

"Sijui."

"Mtu mgeni anavuta kamba. Akivuta, ng'ombe naye anavuta. Wote wanapigana mpaka mmoja aanguke. Mimi nawafundisha watu: shika kamba, lakini usiivute. Mwache ajue tu uko." Akafungua na kufunga vidole. "Tangu siku ile ya mtaroni, mimi nimekuwa nikiishika hii kitu kama nimening'inia."

Akalala kwenye kiti. Akaweka vidole kwenye mishikio, vidole tu, viganja wazi. Akasukuma pedali. Akaenda. Akafika mwisho wa uwanja, akapinda kulia, kona kali kuliko ile ya daraja, akarudi kwetu, akapita katikati yetu, akapinda tena. Makokha alivua kofia.

Sasa mnaniuliza nini kilichoitengeneza. Rispa alisema ni mkono wake. Makokha, mpaka anaingia kaburini, alisema ni vile vipande viwili vinavyoshika fimbo kulingana. Mimi moyoni nasema ni vidole vinne vya upana. Na sitajua kamwe, kwa sababu tulibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Nilitaka kurudisha mishikio ilivyokuwa nione. Rispa akaniambia, "Ukiigusa, nitakuchoma sindano ya ng'ombe." Kwa hiyo shikeni hili, hata kama mengine yote mtayasahau: badilisha kitu kimoja, panda, kisha badilisha kingine. La sivyo utafaulu na ubaki mjinga.

Mvua zilipoanza, Rispa alikuwa anafika maboma kumi. Chama hakikutafuta mtu mwingine. Yule ndama wa Kukhu Tamari akakua, akawa ng'ombe mwenye adabu mbaya na maziwa mengi, na bibi akaacha kunywa turungi. Mimi niliitwa mara moja kwa mwaka kubadilisha vijiviringo vya shaba. Kila mara niliifungua ile fimbo na hofu kwamba safari hii sitaweza kuirudisha.

Mwaka mmoja, nikiwa nimemaliza kazi hiyo, Rispa aliitwa kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa upande wa Chwele. Nikasema nitamfuata kwa baiskeli ya kawaida, nione usukani wangu ukiwa kazini. Akacheka. "Njoo basi, kama utaniweza."

Kwenye tambarare nilimweza. Nilikuwa nyuma yake, naona kichwa chake tu juu ya kiti, na mkono mmoja ukiinuka kusalimia watu, mwingine umelegea kando. Hakuwa anageuza usukani kwa jinsi ninavyojua mimi. Ilikuwa kama anafikiria kona, na kona inakuja. Nilijaribu kuona ni kidole gani kinachosogea. Sikuona. Kisha tukafika mteremko, na mtu aliyelala hashikwi na upepo kama mtu aliyekaa wima. Nikamwona anapungua, anapungua, akaingia kwenye miwa.

Nilifika njia panda, hakuna mtu. Njia mbili, zote zina alama za matairi, zote zina tope. Nikasimama hapo, mimi niliyejenga ile baiskeli kwa mikono yangu, sijui imepinda wapi. Nikachagua kushoto. Nikaenda mpaka nikakutana na mto, nikarudi.

Nilipofika kwenye lile boma, ndama alikuwa ameshasimama, miguu inatetemeka, mama yake anamlamba. Watu wa boma wanaimba. Rispa alikuwa ameinama kwenye beseni, ananawa damu mpaka kwenye viwiko. Akaniangalia nilivyojaa tope.

"Fundi! Ulipotelea wapi?"

"Nilipinda vibaya," nikamwambia.